Viatu Mlangoni mwa Kanisa

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, Mzungu akitembea ufukweni bila shughuli aliitwa mtalii. Mswahili akifanya hivyohivyo aliitwa mzururaji, na mgambo angeweza kumsimamisha amuulize kazi yake ni nini na barua ya mwajiri iko wapi. Mimi nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya Dar es Salaam, na barua ya mwajiri nilikuwa nayo. Niliikunja mara nne, nikaitia mfukoni, nikaenda nayo kuangalia bahari.

Ugonjwa huu wa kutembea niliambukizwa na mwenzangu wa meza ya pili, mtu wa mlimani. Kwao, alisema, mtu akifungua mlango asubuhi anauona mlima, na asipouona anajua mvua inakuja. Dar es Salaam ilimsikitisha kwa sababu hapakuwa na kitu cha kukiinulia shingo. Kwa hiyo kila siku ya mapumziko alitaka kupanda kitu. Tulikwenda Pugu, tukavipanda vilima vyote, mimi nikihema na kushika kiuno, na tulipofika juu akaniuliza vilima vyenyewe vinaanzia wapi. Tulikwenda Kunduchi, akaona mwamba wa matumbawe umetokeza majini, akaukwea kwa viganja na magoti. Akarudi amechanika suruali, na furaha tele usoni.

Pamoja na milima alipenda makanisa ya zamani. Alikuwa Mkatoliki wa kweli, si wa Krismasi tu. Akifika kwenye kanisa kongwe aliingia, akapiga magoti, akasali kwa utulivu kabisa, halafu akainuka na kuuliza kama mnara una ngazi. Mimi ni Mwislamu wa Pangani, nimelelewa katika chuo cha Kurani na kwa fimbo. Nilimsubiri nje kivulini, nikilinda mihogo yetu ya kukaanga. Kila alipotoka alikuta imepungua.

Mwaka ule nilikuwa nimepeleka posa Bagamoyo. Binti mwenyewe alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya ghorofa ya chini yetu. Alinijua kwanza kwa mlio wa viatu kabla hajanijua kwa sura, kwa maana nilivaa raizoni, vile viatu vya soli nene kama tofali ambavyo kila kijana wa mjini alivitaka na kila mzee alivichukia. Vyangu vilikuwa vya rangi ya damu ya mzee, vimefumwa kamba nyeupe pembeni. Nikiteremka ngazi, mashine yake ya chapa ilinyamaza. Nilimpenda msichana yule kiasi cha kusahau kula, na mimi si mtu wa kusahau kula.

Baba mdogo wangu aliandika barua ya posa kwa mwandiko wake wa madaha, mshenga akaipeleka. Jibu likaja kwamba barua imepokelewa na wazee watatazama. Sisi watu wa pwani tunajua maana yake. Kutazama ni kuulizia: anaswali, hanywi, kwao ni watu gani. Lakini baba wa binti, mshenga alisema, alikuwa na swali lake la peke yake. Hakujali sana kazi ya kijana. Alisema, "Kazini mtu ana msimamizi. Mimi nataka kujua siku ambayo hana msimamizi huwa wapi."

Swali hilo lilininyima usingizi. Siku ambayo sikuwa na msimamizi nilikuwa juu ya miamba na Mchaga.

Na juu ya yote, kijana aliyeposa haonekani mitaa ya wakweze kabla jibu halijatoka. Ni utovu wa adabu, ni kama kuja kuchungulia chungu kabla chakula hakijaiva. Kwa hiyo mwenzangu aliponiambia kwamba sikukuu ya serikali inakuja na kwamba yeye lazima aende Bagamoyo, akalione kanisa kongwe la misheni ambako dini ya babu yake iliteremka kutoka melini, nilikataa. Nikakataa tena. Kisha nikaanza kufikiri, na hapo ndipo nilipoharibikiwa. Nilijiambia hivi: wakwe zangu ni Waislamu wa mji mkongwe. Mahali pekee Bagamoyo nzima ambapo hawawezi kuwako ni kanisani. Basi nikishuka njia panda ya misheni, nikaingia kanisani moja kwa moja, nikatoka na kurudi, nitakuwa nimekaa mahali salama kuliko pote. Mpaka leo sioni kosa katika hesabu hiyo. Kosa lilikuwa katika Bagamoyo.

Tulipanda basi alfajiri, tukafika tumejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Kwanza tukateremka ufukweni, upande wa misheni. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, mchanga mweupe umebaki na mistari ya mawimbi, na mikoko imesimama na mizizi yake nje. Ulikuwa ufukwe mzuri hata ukatamani kuusifu kwa sauti. Sikuusifu, kwa sababu raizoni zilikuwa zinazama. Kila hatua niliyopiga nililazimika kuung'oa mguu kwa mikono miwili. Mwenzangu alikaa chini, akaniangalia, akasema, "Sasa nimeelewa kwa nini ninyi watu wa pwani hamjawahi kufika mlimani."

Kanisa kongwe lilikuwa jeupe, nene la kuta, na mnara wake si mrefu sana, lakini katika nchi tambarare ile ulionekana umejitahidi. Mlango wa ubavuni ulikuwa wazi. Mwenzangu akaingia na buti zake. Mimi nikabaki kizingitini.

Pale mlangoni palikuwa na jozi ya makubadhi, yale ya ngozi ya kushonwa kwa mkono, yamepangwa vizuri kuelekea nje. Mtu wa kwetu akiona makubadhi mlangoni hajiulizi. Nikavua raizoni zangu nikazipanga kando yake. Kisha nikaona miguu yangu imejaa mchanga, na pembeni palikuwa na bomba la bustani, nikaiosha miguu yote miwili hadi vifundoni, kulia kwanza. Nikaingia kwa mguu wa kulia. Sikuwa nafikiri chochote. Ningefikiri, nisingeingia.

"We kijana," sauti ikatoka juu, "miguu yenye maji hiyo itakuteleza kwenye ngazi zangu."

Ndani ya mnara, juu ya jukwaa la miti, alikuwa mzee mmoja mwembamba, kofia ya vito kichwani, kikoi kimefungwa juu ya magoti, amekaa kwenye boriti na msumeno. Alikuwa fundi seremala. Chini ya jukwaa palikuwa na vumbi la mbao na birika la kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mzee, nawe umo humu?" Nilimwuliza kwa mshangao wa kweli, maana niliiona kofia.

"Mimi nina msumeno," akasema. "Wewe una nini?"

Sikuwa na kitu. Na hapo hofu ikanipanda. Mwislamu wa Bagamoyo, mwenye macho mawili na bila shaka mdomo, ameniona kanisani. Akirudi mjini atasimulia, na mji ule hauna pembe ambayo habari haifiki. Nikasema jambo la kwanza lililokuja. "Sisi ni Wakristo, mzee. Wote wawili. Tumetoka mlimani, tumekuja kuzuru."

Mwenzangu, aliyekuwa amepiga magoti kwenye benchi la mbele, aliacha kusali.

Mzee akanitazama usoni, akateremsha macho mpaka kwenye miguu yangu mibichi, akayapandisha tena. "Mlimani," akasema. "Na huko mlimani siku hizi mnavua viatu?"

"Baadhi yetu," nikasema.

"Mashaallah," akajibu fundi, akarudi kwenye msumeno wake.

Alituruhusu tupande, mradi tusishike boriti mpya. Mwenzangu alizikwea zile ngazi mbili mbili. Mimi nilipanda nikiukumbatia ukuta, naye akinong'ona kutoka juu, "Njoo basi, mtu wa mlimani." Kule juu akaiona bahari yote, mikoko, minazi, na bara imelala kijani mpaka macho yanachoka. Akatangaza kwamba tumefika kilele cha wilaya na akavua kofia. Mimi nilitazama mapaa ya mji upande wa kusini, nikijaribu kukisia ni lipi. Moyo uliniuma kwa furaha. Chini ya mojawapo ya mapaa yale, niliwaza, kuna mzee mchamungu amekaa ananifikiria.

Tulipoteremka, mwenzangu akatangulia barabarani kulisubiri basi, kwa kuwa la kurudi lilikuwa moja tu. Mimi nilibanwa na haja ndogo. Choo kilikuwa nyuma ya bustani. Raizoni zangu zilikuwa na kamba za kufunga mpaka kifundoni, na kwetu makubadhi yaliyo mlangoni ni ya yeyote anayetoka. Mjomba huvaa ya mgeni, mgeni huvaa ya jirani, anakwenda uani na kurudi, hakuna anayeona ajabu. Nikatumbukiza miguu katika makubadhi ya fundi, nikaenda. Ninatoka chooni nikasikia honi, na mwenzangu anapiga kelele za mtu anayeona basi linamwacha. Nikakimbia. Kwa mara ya kwanza siku ile nilikimbia vizuri.

Tulikuwa tumekwishapita Mapinga mwenzangu alipoitazama miguu yangu. Kisha akauliza kwa upole kama na hilo ni la baadhi yetu.

Nilijisemea kwamba nitayarudisha siku nyingine, fundi ni fundi tu, nitamtafuta. Nikayasafisha, nikayaweka juu ya kabati. Ngozi yake ilikuwa laini, imekaa sawa na unyayo wa mtu mmoja kwa miaka mingi. Kila nilipoyaona niliona aibu.

Wiki mbili baadaye, binti alirudi kutoka kwao alikokwenda kuwasalimu wazazi. Alinisimamisha kwenye ngazi. Nilikuwa nimevaa viatu vya mpira, navyo havikuwa na mlio.

"Raizoni zako ziko wapi?" akauliza.

"Zina kasoro kidogo."

"Ziko barazani kwetu," akasema. "Majirani wanakuja kuzitazama. Baba anasema alibadilishiwa viatu msikitini siku ya sikukuu. Amerudi nyumbani nazo miguuni, mji mzima umemwona. Sikujua kama ulikwenda kuswali Bagamoyo."

Nilishika mbao za ngazi. Kofia ya vito, kikoi, msumeno, na lile swali lake kuhusu siku isiyo na msimamizi, vyote vikaja pamoja. Mtu niliyeikana dini yangu mbele yake, kisha nikamwibia viatu, alikuwa baba yake.

"Nilikuwa na haraka," nikasema, na hilo angalau lilikuwa kweli.

Sikuelewa kwa nini mzee alisema msikitini. Labda ananitega, niliwaza. Labda anangoja aniaibishe mbele ya wazee wangu. Siku tatu baadaye mshenga akaleta habari: wakwe wanamtaka kijana mwenyewe, aje na wazee wake, na aje na majibu. Nilijua majibu ya nini. Nikaamua nitasema ukweli wote, potelea mbali. Sikutaka kuoa juu ya uongo, na kusema kweli sikuona uongo wowote uliobaki ambao ungetosha.

Tulipokewa barazani, mimi, baba mdogo na mshenga. Raizoni zangu zilikuwa pembeni ya mlango, zimepanguswa vumbi, zikang'aa kwa haya. Mzee fundi alikuwa amekaa na kanzu safi. Lakini mwenye baraza hakuwa yeye. Alikuwa kaka yake mkubwa, mwalimu wa chuo, mtu mzito wa sauti ambaye katika nyumba ile neno lake ndilo lililofunga. Mshenga alikuwa amekwishatuonya njiani. Huyu ndiye aliyeapa kwamba hatatia mdomoni tonge lililotokana na kazi ya kanisa, na ambaye miaka mitano nyuma alimruhusu ndugu yake afanye kazi misheni kwa sababu tu ni milango ya shule, na shule ni elimu.

Niliisikia habari hiyo njiani nikaipita. Akili yangu ilikuwa kwenye maungamo yangu.

Maswali yakaja, baba mdogo akayajibu kwa madaha yaleyale ya mwandiko wake. Nasaba, kazi, makazi. Kahawa ikazunguka, haluwa ikazunguka. Kisha mwalimu akanigeukia.

"Ndugu yangu ana swali lake," akasema, "nami nitamwulizia. Siku ya sikukuu ile, ambayo hukuwa na kazi wala msimamizi, ulikuwa wapi?"

Baba mdogo alinitazama kwa matumaini. Kiganjani nilikuwa nimeshika kifurushi cha gazeti nilimoyafunga makubadhi ya fundi, na gazeti lilikuwa limelowa jasho.

"Mzee," nikaanza, "siku ile mimi nilikuwa hapahapa Bagamoyo. Niliingia..."

"Msikitini," akasema fundi.

Aliikata sentensi yangu kama boriti. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama kaka yake.

"Aliingia msikitini," akaendelea, "kulikuwa na watu wengi, viatu vikabadilika. Nilimwona mwenyewe. Aliosha miguu vizuri, akaingia kwa mguu wa kulia, akanisalimu kwa adabu. Basi mimi swali langu limekwisha."

Hapo ndipo nilipoelewa nani barazani pale alikuwa anaogopa zaidi. Mnara si mlango wa shule. Kama ningemaliza sentensi yangu, ningetoka pale bila mke, naye angebaki pale bila kaka. Nikafunga mdomo. Nilikuja na ukweli mzima nikaondoka nao, haukuguswa.

Mwalimu alivuta ndevu zake kwa muda mrefu. Akanitazama mimi, akamtazama ndugu yake, akazitazama raizoni. "Kijana anayekwenda msikitini siku ya sikukuu," akasema mwishowe, "si wengi siku hizi." Akainua mikono, tukasoma Fatiha.

Mkwe wangu alinisindikiza mpaka kituo cha basi, kila mmoja na viatu vyake. Nilimwuliza alijuaje kwamba ni mimi. Alisema binti yake alipoziona raizoni barazani alicheka kabla hajauliza ni za nani.

"Nisamehe, baba," nikasema. "Nilikudanganya."

"Wewe ulikana dini yako mbele yangu," akasema, "nami nimeikana kazi yangu mbele yako. Tumelingana." Alitembea kidogo. "Lakini kuanzia misheni mpaka nyumbani kwa viatu vile, juani, nikapita sokoni, hapo bado nakudai." Nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka.

Tulioana kabla ya Ramadhani. Mwenzangu alikuja arusini na tai, akatafuta kitu cha kupanda, akaridhika na ngazi ya kufungia taa. Siri ile niliitunza. Kila tulipokwenda kuwasalimu, mkwe alinichukua kimyakimya mpaka kwenye mnara wake, akanionyesha boriti za kengele, viungo vyake visivyo na msumari hata mmoja. Nyumbani, kwenye sinia, mwalimu akimwuliza kazi inaendaje, alijibu, "Ule mlango wa shule bado unanisumbua," na mwalimu akaendelea kula.

Mkwe wangu alifariki kabla muongo ule haujaisha, kwa homa ya siku nne. Nililia mbele za watu bila kujizuia. Siku ya pili ya matanga, tumekaa ukumbini na wanaume wa mtaa, wakaja wageni watatu kutoka misheni: bruda mmoja, mtawa mzee wa Kizungu aliyetembelea fimbo, na wazee wawili wa kanisa. Walifika mlangoni wakasimama. Bruda akainama kwa shida, akavua viatu vyake, wenzake wakavua, wakavipanga kizingitini. Wakaingia, wakatoa pole, wakakaa mkekani. Bruda alikuwa analia.

Mwalimu, aliyekuwa amezeeka sana na macho yamepungua, akaniinamia sikioni.

"Hawa walimjuaje ndugu yangu hata wamlilie hivi?"

Nilikuwa na jibu la miaka mingi. "Ule mlango wa shule, baba," nikasema.

"Mlango wa shule," akarudia. Alikaa akizungusha tasbihi. "Mwanangu, mlango gani unatengenezwa miaka kumi na miwili?"

Hakuwa ananingojea nijibu. Alimwashiria bruda asogee karibu naye, akamsukumia mto wa kuegemea. Kisha akaniambia niinuke, niviingize ndani viatu vya wageni, visije vikabadilishwa.